Skrini ya LCD ikigoma: soma kioo kabla ya kugusa programu

Skrini ndogo ya herufi 16 kwa mistari 2, ile ya kijani au ya bluu inayouzwa sambamba na Arduino (bodi ndogo inayopakiwa programu), ni chombo cha kusikiliza tu. Ndani yake kuna chipu ya HD44780 ya Hitachi, au mojawapo ya zile zilizoiga kazi yake kama KS0066 na ST7066. Chipu hiyo ina uwezo wa kujibu, lakini karibu sote tunafunga pini ya RW (inayochagua kusoma au kuandika) kwenye masi, yaani hasi ya umeme, GND, na hapo mdomo wake umefungwa. Mikrokontrola, ile chipu inayoendesha programu, itaendelea kuandika "Joto 37.5" usiku kucha hata kama waya umechomoka, na haitajua.

Ndiyo maana dawa ya kwanza ya vijana wengi hapa Bukavu, kupakia programu upya, haiponyi mara nyingi. "Yaya, nimepakia tena na bado," mtu anakwambia. Sawa, lakini kioo kinaonyesha nini? Mdogo wangu, hilo ndilo swali. Kiko giza? Kitupu? Kina vibox, yaani viboksi vilivyojaa mahali pa herufi, mstari mmoja au miwili? Kina herufi za ajabu? Kila picha ina wahusika wake, na ukiitazama vizuri utaondoa nusu ya washukiwa kabla ya kushika bisibisi.

Mifano mingi hapa nimeitoa kwenye kuvezi, mashine za kutotolesha mayai, kwa sababu ndizo zinazoletwa kwa mafundi kwa wingi: balbu ya kupasha moto, rilei (swichi inayowashwa kwa umeme), kipima joto, na skrini mlangoni. Yaani balaa zote za LCD ndani ya sanduku moja la mbao.

Giza kabisa, hata taa ya nyuma haiwaki

Hapa usifikirie programu hata kidogo. Taa ya nyuma ni LED tu: pini ya 15 ni chanya yake, ya 16 ni hasi yake. Haihitaji mikrokontrola. Weka multimeta kati ya pini ya 1 (masi) na ya 2 (chanya) mgongoni mwa skrini yenyewe, siyo kwenye bodi ya Arduino, usome volti 5 au karibu yake. Ukikosa, fuata waya kurudi nyuma. Bredbodi (ubao wa kuchomeka nyaya bila lehemu) ndefu nyingi zina reli ya umeme iliyokatwa katikati. Mstari mwekundu uliochorwa ukiachana pale kati, ujue hata shaba ya ndani imeachana.

Volti zipo na taa haiwaki? Soma maandishi yaliyochapwa mgongoni. Kuna moduli zinazobadilisha nafasi ya 15 na 16, na nyingine zinaweka pini hizo upande wa kushoto kabla ya pini ya 1. Pia angalia kama moduli yako ina rezista ya taa ndani yake. Kama haina, weka ya omu 220 kwa mfululizo. LED iliyounganishwa moja kwa moja kwenye volti 5 bila rezista itang'aa vizuri sana, kwa muda mfupi.

Taa inawaka, kioo kitupu

Hii ndiyo shida namba moja, na mara nyingi ni kontrasti, yaani ukolezo wa herufi. Pini ya 3, VO, haitaki volti 5; inataka volti ndogo, kwa kawaida kati ya sifuri na volti 1. Unaipata kwa potenshiometa (rezista ya kuzungusha) ya kilo-omu 10: mguu mmoja wa pembeni kwenye volti 5, wa pili kwenye masi, wa katikati kwenye VO. Zungusha polepole toka mwisho hadi mwisho ukiangalia kioo kwa pembeni kidogo. Sehemu inayofaa ni nyembamba, na anayezungusha kwa haraka huipita bila kuiona.

Huna potenshiometa? Chukua kipande cha waya uunganishe VO moja kwa moja na masi. Hiyo ndiyo kontrasti ya juu kabisa. Vibox vikitokea, skrini ina uhai na unaweza kuendelea. Visipotokea, basi skrini haipati umeme wa kutosha au kweli imekufa.

Umeme wa kutosha, nasema, kwa sababu kioo kinahitaji tofauti ya zaidi ya volti 4 kati ya pini ya 2 na VO. Ukiilisha moduli ya volti 5 kutoka pini ya volti 3.3 ya ESP32 (mikrokontrola ya volti 3.3), taa itawaka kwa ufifi na herufi hutaziona hata VO ikiwa masi. Na chaja za simu za bei ya chini zinazouzwa Kadutu, kuna zinazoandikwa volti 5 na zikibebeshwa mzigo zinashuka hadi 4.3. Pima volti wakati rilei imevuta, siyo wakati mashine imelala.

Kontrasti hubadilika pia na joto. Skrini iliyobandikwa juu ya kifuniko cha kuvezi huanza vizuri asubuhi, kisha mashine ikishapata moto vibox vyeusi vinajitokeza nyuma ya maandishi. Hakuna kilichoharibika. Rekebisha potenshiometa mashine ikiwa na joto lake la kazi, halafu uiache.

Vibox mstari wa juu tu, mstari wa chini mtupu

Picha hii napenda kuiona, kwa sababu inasema mengi. Umeme upo, kontrasti ipo, chipu ipo. Kilichokosekana ni amri. HD44780 ikiamka hujiweka katika hali ya mstari mmoja na kungoja maelekezo. Vibox vya juu ndiyo sura yake ya kungoja.

Anza na RW, pini ya 5. Watu huiacha ikining'inia wakidhani haina kazi. Lakini ndani ya chipu, RS (pini inayotofautisha amri na herufi), RW na pini za data zina vivuta-juu dhaifu, yaani rezista zinazoivuta pini isiyounganishwa kwenda chanya, kwa hiyo RW isiyounganishwa popote inasomeka kama 1, na 1 maana yake "nisome". Skrini inangoja kusomwa, wewe unaandika. Funga RW kwenye masi. RS ikining'inia ni hivyohivyo: kila amri inapokelewa kama herufi, na amri ya kuamka haifiki kamwe.

Kisha mpangilio wa pini kwenye programu. Maktaba ya LiquidCrystal inataka rs, e (pini inayopiga mpigo wa "pokea"), d4, d5, d6, d7 kwa utaratibu huo. Mfano wa kawaida wa Arduino ni (12, 11, 5, 4, 3, 2). Zile skrini zenye vitufe zinazopandishwa juu ya bodi ya Arduino Uno hutumia (8, 9, 4, 5, 6, 7). Aliyenunua ya pili na kunakili mfano wa kwanza atangoja sana.

Halafu lehemu. Moduli huuzwa na safu ya pini 16 pembeni ikiwa haijalehemiwa, na mtu anaichomeka tu kwenye matundu akitumaini itagusa. Itagusa leo, kesho haigusi. Ukibonyeza moduli kwa kidole na vibox vikachezacheza, usitafute kingine.

Maandishi yanatoka, lakini ni ya ajabu

Hapa ndipo watu wanapotaja mapepo, na hapa ndipo kioo kinaposema wazi kuliko popote.

Kuvezi moja ililetwa ikiandika "wwnu" katikati ya mstari wa pili. Mama mwenye mashine alisema jana yake ilikuwa inaonyesha joto vizuri. Hebu tuihesabu. Tunapotumia nyaya nne za data, D4 hadi D7, kila herufi inapita vipande viwili vya biti nne: cha juu kwanza, kisha cha chini. Programu ilitaka kuandika "37.5". Tarakimu 3 ni 0011 0011. Sasa chukulia waya wa D6 umeachia. Kivuta-juu cha ndani kinaifanya D6 isomeke 1 daima, kwa hiyo biti ya tatu kutoka kulia ya kila kipande inakuwa 1: 0111 0111. Hiyo ni herufi w. Tarakimu 7 ni 0011 0111. Nayo inakuwa 0111 0111, w tena. Nukta, 0010 1110, inakuwa 0110 1110, yaani n. Na 5, 0011 0101, inakuwa 0111 0101, u. Hiyo ndiyo "wwnu".

Na kwa nini mstari wa pili? Amri ya kwenda mwanzo wa mstari wa kwanza ni 1000 0000. Ongeza biti ileile: 1100 0100. Kwa skrini, hiyo ni "nenda mstari wa pili, chumba cha tano". Mhusika mmoja, waya mmoja, ameeleza herufi na mahali zilipoangukia. Waya wa D6 ulikuwa umelegea kwenye bredbodi, na bredbodi haifai kukaa ndani ya mashine inayopata joto na unyevu wiki tatu mfululizo. Lehemu kwenye bodi ya matundu.

Uthibitisho wake ni rahisi: zima mashine kabisa, uwashe tena bila kurekebisha kitu. Kwa waya huo kukatika, amri za kuamka nazo zinaharibika, na badala ya "wwnu" utapata vibox vya mstari wa juu. Skrini iliyokuwa ikizungumza upuuzi ikageuka ya vibox baada ya kuzimwa na kuwashwa, karibu hakika ni waya wa data.

Fanya hesabu hiyo kwa waya wowote. Andika neno lako kwa biti, weka 1 kwenye nafasi ya waya unaoushuku, ulinganishe na kioo. Karatasi na kalamu tu.

Kuna upuuzi wa aina ya pili, usiofuata kanuni: leo nyota na herufi za Kijapani, baada ya dakika herufi nyingine kabisa. Hapo vipande viwili vimepishana. Mpigo mmoja wa uongo umeingia kwenye pini ya E, skrini ikahesabu kipande ambacho hukutuma, na tangu hapo inaunganisha nusu ya mwisho ya herufi hii na nusu ya mwanzo ya inayofuata. Haitajirekebisha yenyewe. Muulize mwenye mashine: inaanza lini? Akijibu "balbu ikizima" au "feni ikiwaka", umefika.

Rilei, feni, na umeme unaokuja na kwenda

Koili ya rilei ikiachwa hurusha volti kali kinyume. Weka diodi ya 1N4007 sambamba na koili, mstari wake mweupe ukielekea upande wa chanya. Moduli nyingi za rilei zinazouzwa tayari zinayo. Rilei uliyochomoa kwenye mashine ya zamani haina. Kama inachokata rilei ni feni ya volti 220, cheche za kwenye miguso nazo zinasumbua. Omu 100 na kapasita ya nanofaradi 100 kwa mfululizo, sambamba na miguso, inatuliza. Kapasita hiyo lazima iwe ya aina iliyoandikwa X2, iliyotengenezwa kwa umeme wa ukutani. Nyingine yoyote pale ni hatari ya moto, na kuvezi ni sanduku la mbao.

Upande wa skrini: kapasita ya nanofaradi 100 kati ya pini ya 1 na ya 2, karibu kabisa na moduli, na nyingine ya mikrofaradi 100 kwenye mlango wa volti 5. Fupisha nyaya. Nimeona nyaya za nusu mita zilizofungwa fundo moja na waya wa balbu, halafu fundi anauliza kwa nini E inapokea mipigo ya uongo. Tenganisha njia zake, na kama unaweza, ilishe rilei kutoka chanzo chake.

Umeme wa mji ni habari nyingine. Unakatika, unarudi dhaifu, unasita, unakatika tena. HD44780 inataka volti yake ipande ndani ya milisekunde 0.1 hadi 10 ili ijiamshe yenyewe sawasawa. Ikipanda polepole kuliko hapo, inaamka nusunusu. Maktaba nzuri hazitegemei hilo: zinangoja milisekunde 40 au zaidi, kisha zinatuma amri ileile mara tatu, ya kwanza ikifuatwa na mapumziko ya zaidi ya milisekunde 4, ili skrini irudi mahali panapojulikana hata kama iliachwa katikati ya herufi. Ukiandika kodi yako mwenyewe kwa mikrokontrola za PIC au AVR, hizo mara tatu usizipunguze. Zinaonekana za kijinga hadi siku umeme unaposita.

Lakini kuna hali ambayo hata maktaba haiokoi. Volti inashuka kwa kitambo, skrini inapoteza kumbukumbu, na mikrokontrola inavumilia. ATmega328P ya kwenye Uno imewekwa ijizime chini ya volti 2.7 hivi, kwa hiyo inaendelea na kazi kana kwamba hakuna lililotokea, ikiandika kwa skrini ambayo haijui tena kama iko kwenye biti nne au nane. Joto linadhibitiwa vizuri, mayai yako salama, kioo ni upuuzi mtupu. Na mwenye mashine, akiona kioo, anachomoa kila kitu.

Dawa: programu iite lcd.begin(16, 2) tena kila baada ya dakika kadhaa, na pia sekunde moja baada ya rilei kubadilika. Kioo kitapepesa mara moja, basi. Kama umeunda herufi zako kwa createChar, zipakie upya hapohapo, maana skrini iliyozimika imezisahau.

Skrini yenye kibebeo cha I2C

Kile kibao kidogo cheusi mgongoni chenye nyaya nne tu (mbili za umeme, na SDA na SCL za mawasiliano ya I2C) kinapunguza fujo, lakini kinaongeza mtu wa kati: chipu ya PCF8574. Picha ya kawaida ni taa inawaka, vibox vya juu, hakuna maandishi. Endesha programu ya kutafuta anwani, ile namba ambayo chipu hiyo huitwa nayo. Isipopata chochote, SDA na SCL zimebadilishana, au haziko kwenye pini zake: A4 na A5 kwa Uno, 20 na 21 kwa Mega. Ikipata, linganisha na programu yako: PCF8574 hutoka kiwandani ikiwa 0x27, na ndugu yake PCF8574A ni 0x3F. Mfano ulionakili una mojawapo, wewe una nyingine.

Anwani ni sahihi na bado vibox? Hapo viwanda havikukubaliana ni pini ipi ya PCF8574 iende kwa E, ipi kwa RS. Tumia maktaba ya hd44780 yenye sehemu ya hd44780_I2Cexp. Inajitafutia yenyewe anwani na mpangilio. Ninaipendelea kuliko zote kwa kazi za mtaani, ambako hujui moduli ya kesho imetoka wapi.

Kontrasti iko kwenye kisanduku cha bluu chenye msalaba, na kile kijikofia kidogo pembeni ndicho kinachounganisha taa ya nyuma. Kikidondoka, giza.

Kwa wenye ESP32: vivuta-juu vya kibebeo kilicholishwa volti 5 vinapeleka volti 5 kwenye pini zisizozimudu, nayo PCF8574 inataka angalau volti 3.5 ili ikubali kwamba ni 1. Kila upande unalalamika. Weka kibadilisha volti katikati. Ukitumia nyaya za moja kwa moja bila I2C, volti 3.3 zinatosha kwa kuandika, mradi RW iko kwenye masi.

Madogo yanayokera

Umeandika "Température" ukapata alama mbili za Kijapani mahali pa é? Kompyuta yako inahifadhi é kama baiti mbili, na skrini nyingi za bei nafuu zina hazina ya herufi za Kijapani kwenye nafasi hizo. Andika "Joto", fupi na halina alama juu. Kwa alama ya digrii tumia lcd.write(223).

Joto limeshuka kutoka 100 hadi 99 na kioo kinasema 990: sifuri ya zamani hakuna aliyeifuta. Ongeza nafasi tupu mwishoni mwa namba. Usiite lcd.clear() kila mzunguko; ndiyo inayofanya kioo kupepesa.

Sentensi ndefu haishuki mstari wa pili. Kila mstari una vyumba 40, 16 tu ndivyo vinaonekana, vingine viko gizani kulia. Kwenye skrini ya 20 kwa 4, kilichozidi mstari wa kwanza kinaangukia wa tatu, na hivyo ndivyo chipu ilivyopangwa. Na moduli ya 16 kwa 1 inayoonyesha herufi nane tu za kwanza, mara nyingi ndani yake ni 8 kwa 2: iambie lcd.begin(8, 2), na herufi ya tisa uiandikie mstari wa pili.

Lini useme imekufa

Usiseme kabla ya jaribio hili. Ondoa nyaya zote. Bakiza nne, pamoja na za taa ya nyuma kama skrini ni ya bluu: pini ya 1 kwa masi, ya 2 kwa volti 5, ya 3 kwa masi, ya 5 kwa masi. Moduli yenye uhai itaonyesha vibox mstari wa juu. Isipoonyesha, iguse chipu nyeusi ya mgongoni kwa uangalifu; ikiwa ya moto, mtu aliwahi kugeuza chanya na hasi, na hiyo hairudi. Nunua nyingine, lakini ijaribu kwa nyaya hizohizo palepale dukani kabla ya kulipa.